Mwanajeshi wenu amefia kambini na maelezo hayaingii akilini: mwongozo kwa familia na jumuiya

Vijana wetu wengi walioingia Marekani kwa grini kadi wamejiandikisha jeshini. Mshahara una uhakika, karo ya chuo inalipwa, na safari ya uraia inafupishwa. Wazazi wako Eldoret, Moshi au Bujumbura, mtoto yuko Texas au North Carolina, na kila mwisho wa mwezi pesa inaingia kwenye simu. Kisha siku moja habari inakuja: amefariki, hakuwa vitani, na "inaonekana alijiua" au "ilikuwa ajali ya mazoezini". Familia inapanga tarehe, sauti alizotuma na mipango aliyokuwa nayo, na hesabu haitimii.

Mwongozo huu ni wa familia hiyo na wa wanaoizunguka: waumini wenzao, kikundi cha WhatsApp cha watu wa nyumbani, chama cha akina mama. Nimeujenga juu ya kesi zilizopiganwa hadharani, nyingi za Marekani na mbili za kwingine.

Neno moja kabla ya hatua zenyewe. Nguvu ya familia isiyo na cheo haiko katika kumjua mhalifu. Iko katika kuomba kitu ambacho afisa mmoja, mwenye jina, anaweza kukitoa au kukikataa kwa maandishi: ripoti, picha, orodha ya mali, kikao. Mkisema "ameuawa" mnabishana na jeshi zima, na jeshi lina muda wa kubishana. Mkisema "tuonyesheni picha za eneo la tukio" kuna mtu mmoja mezani kwake atakayelazimika kujibu.

LaVena Johnson, binti wa Missouri, alikufa Julai 2005 katika kambi ya Balad, Iraq, siku nane kabla ya kutimiza miaka 20. Jeshi lilisema alijipiga risasi. Baba yake, John Johnson, alipouona mwili aliona alama ambazo kwake hazikulingana na maelezo hayo. Hakuanzia barabarani. Aliomba nyaraka kwa sheria ya haki ya kupata taarifa, akaletewa karatasi zenye nakala za picha zisizo na rangi. Picha za rangi zilikuja kwenye diski baada ya mwakilishi wao katika Bunge, William Lacy Clay, kuingilia. Mwaka 2007 familia ikaufukua mwili na kuupima upya. Maelfu ya watu waliotia saini ombi la kesi kufunguliwa walikuwa na kitu cha kushika mkononi, si uvumi. Jeshi halijabadilisha msimamo wake mpaka leo, nami nayasema mapema ili msiingie mkidhani kuna njia ya mkato.

Hatua ya kwanza: jueni jeshi linaongea na nani

Kila mwanajeshi wa Marekani hujaza fomu ya DD 93, inayoonyesha nani apigiwe simu, nani apewe kiinua mgongo cha kifo, na nani ana mamlaka ya kuamua kuhusu mwili. Akiwa ameoa au ameolewa, mara nyingi mamlaka hayo ni ya mwenzi wake, hata kama walikuwa wameachana kitanda na meza. Baba anaweza kuwa mzee wa ukoo mzima, lakini kama jina lake halipo mahali panapostahili, afisa atamjibu kwa upole na hatampa kitu.

Kwa hiyo, kabla ya ugomvi wowote na jeshi, malizeni wenu. Mkalisheni mjane na wakwe zake meza moja na mwombeni atie saini barua ya kumruhusu mtu mmoja wa familia kupokea taarifa kwa niaba yake. Familia nyingi hukwama hapa: mama mkwe analaumu, mjane anafunga simu, na miezi inapita. Jeshi halina haja ya kuwazuia kama mmeshazuiana wenyewe.

Mtapewa afisa msaidizi wa familia. Kazi yake ni fomu, safari, mazishi na mafao. Si mpelelezi, na kumgombeza hakusaidii. Mwombeni kwa barua pepe nakala ya ripoti ya kifo, yaani fomu ya DD 1300, jina na simu ya mpelelezi mkuu, na mkalimani kama wazazi hawamudu Kiingereza cha ofisini. Mwulizeni pia jeshi litalipia safari za nani kwenda mazishini.

Kuhusu pesa. Kiinua mgongo cha kifo ni dola 100,000, na bima ya maisha ya wanajeshi hufika dola 500,000. Zote mbili hulipwa hata pale jeshi linaposema marehemu alijiua, na kuzipokea si kukubali maelezo yake. Nimesikia wazee wakishauri "msiguse hizo hela, mtakuwa mmeuza kesi." Zipokeeni. Mtazihitaji.

Hatua ya pili: mwili

Hapa ndipo kesi nyingi hufa, na hufa ndani ya wiki moja. Desturi zetu zinatusukuma tuzike: Waislamu wanataka haraka, Wakristo wanataka mwili ufike nyumbani kabla michango ya matanga haijakauka. Jeshi nalo linalipia usafiri na linaharakisha, mara nyingi kwa nia njema kabisa.

Ulizeni kwanza nani ana mamlaka ya kupasua mwili. Akifia katika kambi iliyo chini ya serikali ya shirikisho, au ng'ambo, kazi hiyo kwa kawaida ni ya madaktari wa jeshi wa uchunguzi wa vifo, wenye makao yao Dover, Delaware. Akifia nje ya geti, kwenye nyumba ya kupanga au barabarani, mwili ni wa daktari wa kaunti. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu ofisi ya kaunti haina kamanda wa kumtii, na ripoti yake huombwa kwa njia nyingine.

Kama mna shaka, ombeni mwili upimwe mara ya pili na daktari bingwa wa uchunguzi wa vifo mnayemlipa wenyewe. Gharama ni maelfu ya dola. Afanye hivyo kabla mwili haujatiwa dawa ya kuhifadhi, ama sivyo mapema iwezekanavyo baada yake, maana dawa hiyo huharibu baadhi ya vipimo, na kusafirisha mwili kwa ndege kwenda Afrika karibu kila mara hudai utiwe. Msikubali uchomwe. Kuzika kunarudishika, kama familia ya Johnson ilivyofukua mwili miaka miwili baadaye, lakini majivu hayapimiki.

Kwenye nyumba ya mazishi, mwenye moyo mgumu kuliko wote aingie na kamera. Apige picha mwili mzima mbele na nyuma, kisha karibu: uso, meno, mikono pande zote mbili, kucha, viwiko, shingo, nyuma ya masikio, nyayo. Kila picha iwe na rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Mikono hasa. Kama maelezo ni kwamba alijipiga risasi, mikono ndiyo itakayoulizwa: mkono gani aliutumia kuandika, je ulipimwa mabaki ya baruti, je urefu wa mkono unafika kwenye kifyatulio kwa jinsi wanavyosema alivyokaa. Msiyajibu maswali hayo ninyi. Pigeni picha, andikeni, mwachieni daktari.

Picha hizo zisiingie kwenye kikundi chochote cha WhatsApp. Kesho mtaziona Facebook, na mama yake naye ataziona.

Hatua ya tatu: barua ya kuzuia vitu visipotee

Pat Tillman, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyejiunga na jeshi, aliuawa Afghanistan tarehe 22 Aprili 2004. Familia na taifa liliambiwa alipigwa na adui katika shambulio la kuvizia. Kumbe alipigwa na wenzake, na familia iliambiwa hivyo wiki kadhaa baadaye, baada ya hafla ya kumbukumbu iliyorushwa kwenye televisheni. Sare yake na fulana yake ya kuzuia risasi zilikuwa zimeshachomwa moto. Mama yake, Mary Tillman, alitumia miaka kupekua maelfu ya kurasa zilizopakwa wino mweusi, lakini nguo haikuwepo tena ya kupimwa.

Kwa hiyo, ndani ya wiki ya kwanza, tumeni barua kwa kamanda wa kikosi, kwa mpelelezi na kwa ofisi ya sheria ya kambi. Iwe fupi, kwa Kiingereza safi, bila lawama. Maneno yake yawe kama haya: "Sisi ni ndugu wa karibu wa marehemu. Tunaomba vitu vifuatavyo vihifadhiwe na visiharibiwe, visifutwe wala kurejeshwa kwenye matumizi mpaka uchunguzi wote na rufaa zote ziishe: nguo alizokuwa amevaa, silaha na risasi, simu na kompyuta, godoro na shuka, picha za kamera za bweni na geti, kitabu cha kutolea silaha ghalani, orodha ya waliokuwa zamu. Tunaomba uthibitisho wa maandishi." Tumeni kwa barua pepe na kwa posta ya kusainiwa. Kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo hilo lisisubiri arobaini.

Hicho kitabu cha ghala la silaha kinastahili aya yake. Katika kambi za ndani ya Marekani mwanajeshi halali na bunduki ya jeshi chini ya kitanda. Silaha hukaa ghalani, hutolewa kwa saini, hurudishwa kwa saini. Kama amekufa kwa bunduki ya jeshi, swali la kwanza si kwa nini, ni ilitokaje. Nani alisaini? Saa ngapi? Nani alikuwa zamu? Risasi zilihesabiwa lini mara ya mwisho? Hilo ni swali lenye jibu, na jibu liko kwenye karatasi. Kama ni bunduki yake binafsi, ulizeni ilinunuliwa wapi na lini, na kama ilikuwa imeandikishwa kambini.

Upande wenu nanyi mna ushahidi. Simu ya mama huko kijijini ina sauti za WhatsApp, ujumbe wa M-Pesa, picha ya risiti ya mabati aliyokuwa akinunulia nyumba, tarehe aliyokata tiketi ya kuja Krismasi. Msibadilishe hiyo simu, msiifute kumbukumbu kwa sababu imejaa. Hamisheni mazungumzo yote kwenye faili, pigeni picha skrini zikionyesha tarehe na saa, wekeni nakala sehemu tatu: kompyuta, diski ya nje, na kwa ndugu anayeishi nchi nyingine. Wekeni pia yale yanayowauma. Kama aliwahi kusema amechoka, hataki kuishi, hilo nalo lihifadhiwe. Mpelelezi akilikuta baadaye mkiwa mmelificha, hakuna atakayewaamini kwa yale mengine.

Hatua ya nne: daftari

Nunueni daftari la kurasa zilizoshonwa, si za kuchanika. Kila simu: tarehe, saa, jina, cheo, alichosema, mlichoomba. Mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Baada ya kila simu mwandikieni aliyepiga barua pepe: "Asante kwa mazungumzo ya leo, tumeelewa umesema hivi." Asipokanusha, mna maandishi.

Kurekodi simu ni jambo jingine. Texas na North Carolina zinaruhusu mmoja wa wanaoongea arekodi bila kumwambia mwenzake. California, Florida na Washington zinataka wote wakubali. Angalieni jimbo la kila aliye kwenye simu, na mkiwa na shaka, acheni.

Wenzake wa bwenini wataongea mwanzoni, kisha watanyamaza, kisha watahamishwa. Waandikieni mapema, kwa heshima, kama wafiwa na si kama polisi. Waulizeni kumbukumbu: mara ya mwisho mlikula naye lini, alikuwa na hali gani. Mwenye jambo zito mwelekezeni kwa wakili au kwa mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi, maana sheria inawalinda wanajeshi wanaopeleka taarifa huko, lakini haiwalindi vivyo hivyo wanaoongea na shangazi wa marehemu kwenye Facebook.

Hatua ya tano: faili

Kifo kimoja huzaa faili kadhaa, na ofisi moja haitawaambia kuhusu faili za ofisi nyingine. Kuna uchunguzi wa jinai, unaofanywa na kitengo cha upelelezi cha kila jeshi: CID kwa jeshi la nchi kavu, NCIS kwa jeshi la majini na la wanamaji, OSI kwa jeshi la anga. Kuna uchunguzi wa kiutawala unaoamriwa na kamanda, ambao jeshi la nchi kavu huuita wa 15-6. Kuna uamuzi wa kama alikufa akiwa kazini au kwa kosa lake, nao unagusa mafao. Kuna ripoti ya daktari. Ikiwa ni ajali kuna pia uchunguzi wa usalama, na sehemu kubwa ya huo hamtaoneshwa kamwe, kwa kuwa mashahidi wake huahidiwa siri. Afisa akisema "uchunguzi bado unaendelea", mwulizeni: upi?

Ombi la nyaraka mtaandika kwa sheria ya haki ya kupata taarifa, inayojulikana huko kwa kifupi chake, FOIA. Tumeni ombi tofauti kwa kila ofisi. Msiandike "tunaomba kila kitu." Orodhesheni: ripoti ya mwisho pamoja na viambatisho vyake, picha zote za eneo la tukio na za upasuaji kwa rangi na kwa faili la kidijitali, michoro na vipimo, matokeo ya maabara ya silaha na baruti, vipimo vya damu, maelezo ya mashahidi, orodha ya zamu, rekodi za geti. Maneno "kwa rangi na kwa faili la kidijitali" yasikosekane. Michubuko kwenye nakala ya fotokopi ni kivuli tu. Ombeni pia msamehewe ada.

Sheria inatoa siku 20 za kazi kujibu. Kwa kawaida hujibu kwamba wamepokea. Faili la jinai likiwa wazi watakataa, nanyi mtaomba tena likifungwa. Wakikataa au wakipaka wino kurasa nzima, mna angalau siku 90 za kukata rufaa, na rufaa ni barua tu, haihitaji wakili. Kateni kila mara. Kwanza kwa sababu kurasa nyingine hurudi zimefunguliwa, pili kwa sababu mahakama haitawasikiliza juu ya nyaraka kama hamkupitia huko.

Faili likifika, msome watu watatu kwa zamu, kila mmoja na kalamu ya rangi yake. Mmoja afuate saa na dakika tu, mwingine majina, wa tatu vitu: nini kilichukuliwa, nani alikibeba, kilifika wapi. Mnatafuta palipo na pengo. Shahidi mmoja anasema taa ilikuwa imezimwa, picha inaonyesha imewaka. Simu ilichukuliwa saa mbili lakini imeandikishwa saa saba. Jioni ya siku ya tatu mtakuwa na maswali kumi au kumi na mawili. Yapunguzeni yawe matano, na hayo ndiyo mtakayoyabeba kuanzia hapo.

Ulizeni pia kama mna haki ya kuelezwa matokeo ana kwa ana. Jeshi la nchi kavu lina utaratibu wa kumtuma afisa wa ngazi ya juu aje kuikalisha familia na kuieleza uchunguzi wa kikosi. Mkipewa nafasi hiyo, nendeni na maswali yenu yaliyopigwa chapa, mkabidhi nakala, na mtu wa daftari awepo. Asiyejizuia hasira abaki nyumbani. Simlaumu, ila kikao hicho hakirudiwi.

Hatua ya sita: Bunge, kwa sababu mahakama imefungwa

Mnaweza kudhani mwisho wa yote ni kuishtaki serikali. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1950, kesi ya Feres, unazuia wanajeshi na familia zao kuidai serikali fidia kwa madhara yaliyotokana na utumishi. Wakili mkweli atawaambia hivyo mapema, na anayewaahidi mamilioni muogopeni. Kuna mlango mdogo uliofunguliwa miaka ya karibuni kwa uzembe wa madaktari wa jeshi, basi. Upande wa jinai ni tofauti: mauaji hayapitwi na wakati chini ya sheria za kijeshi, kwa hiyo kesi yaweza kufunguliwa hata baada ya miaka 20.

Ndiyo maana umma na Bunge ndio uwanja wenyewe. Kila mwakilishi na kila seneta ana mfanyakazi wa kushughulikia shida za wakazi mbele ya serikali. Si lazima muwe raia, inatosha kuishi hapo, na mjumbe wa jimbo alikojiandikishia marehemu anaweza pia kuombwa. Mtasaini fomu ya kuruhusu taarifa zenu zitolewe, kisha ofisi hiyo itaiandikia jeshi, na jeshi hulazimika kujibu. Pelekeni ukurasa mmoja: nani, lini, wapi, maswali matano, na mnachoomba. Mfanyakazi huyo ana mamia ya mafaili, hatasoma kurasa arobaini za uchungu. Mpigieni kila wiki mbili, siku ileile.

Ubalozi wa nchi mliyotoka unaweza kusaidia karatasi za kusafirisha mwili na viza za wazazi. Zaidi ya hapo msiutegemee.

Hatua ya saba: barabarani

Vanessa Guillén alitoweka Fort Hood, Texas, tarehe 22 Aprili 2020. Pochi, kitambulisho na funguo zake vilibaki kwenye chumba cha silaha alikokuwa akifanya kazi. Familia, wahamiaji wa Meksiko walioishi Houston, walikuwa na mama anayeongea Kihispania na mabinti waliosimama mbele ya kamera kwa lugha zote mbili. Walisimama nje ya geti la kambi wakiwa na mabango na dai kuu: mtafuteni. Mwakilishi wao, Sylvia Garcia, alikwenda kambini mwenyewe. Wanawake wanajeshi wakaanza kuandika mtandaoni habari za unyanyasaji walioupata wao, chini ya alama moja ya reli (hashtag) yenye jina la Vanessa. Mabaki yake yalipatikana Juni 30 karibu na mto Leon. Mwanajeshi mwenzake aliyeshukiwa alijiua polisi walipomkaribia.

Familia haikuishia hapo, dai likahama. Kutoka "mtafuteni" likawa "chunguzeni kambi", na tume ya raia ikaeleza Desemba 2020 kuhusu uongozi mbovu na wapelelezi wasio na uzoefu, maafisa na viongozi 14 wakaondolewa au kusimamishwa. Kisha likawa "badilisheni sheria", na sehemu za sheria yenye jina lake zikatiwa saini Desemba 2021, zikiwaondolea makamanda uamuzi wa kushtaki makosa ya kijinsia. Madai yalikuja kwa zamu. Hayakumwagwa yote siku moja.

Taiwan walifanya hivyo kwa kasi ya ajabu. Julai 2013 koplo Hung Chung-chiu, kijana aliyebakiza siku chache amalize utumishi wa lazima, alikufa kwa joto baada ya kufungiwa na kulazimishwa mazoezi mazito, kosa lake likiwa kuingia kambini na simu yenye kamera. Picha za kamera za usalama zilikuwa na pengo la dakika 80. Watu 39 wasiojuana walikutana mtandaoni, wakaanzisha kundi wakaliita Wananchi 1985, namba ya simu ya malalamiko ya jeshi. Tarehe 3 Agosti watu wapatao 250,000 walijaa barabara ya mbele ya ikulu ya Taipei wakiwa na mashati meupe. Dai kuu lilikuwa moja: kesi za jeshi wakati wa amani zihamie mahakama za kiraia. Siku tatu baadaye bunge lilipitisha.

Hamna watu 250,000. Mna labda 60, wengine wana zamu ya usiku. Inatosha kwa geti la kambi, Jumamosi asubuhi, kama gazeti la mji huo na kituo cha televisheni cha hapo wameambiwa siku tatu kabla. Waandishi wa miji ya kambi wanalijua jeshi kuliko wa New York. Ulizeni halmashauri kama kibali kinahitajika, simameni kwenye ardhi ya umma, na msivuke mstari wa geti hata hatua moja, maana kuingia eneo la jeshi kuandamana ni kosa la shirikisho. Mwenye grini kadi au viza akae nyuma kabisa. Kukamatwa kunaweza kumharibia karatasi zake, na marehemu hatarudi kwa hilo.

Ombi la saini liwe na jina la anayeombwa, jambo moja analoweza kulifanya, na tarehe. "Tunaitaka CID imwoneshe mama yake picha za eneo la tukio kabla ya Septemba 30" ni ombi. "Haki kwa ndugu yetu" ni bango. Msitaje jina la mnayemshuku, wala cheo chake, wala "yule sajenti". Mtashtakiwa kwa kashfa, na kama ni yeye kweli, mtakuwa mmempa wakili wake pa kuanzia.

Msemaji awe mmoja kwa Kiingereza na mmoja kwa Kiswahili. Redio za nyumbani, BBC Swahili na DW Kiswahili zina wasikilizaji ambao ofisi za Washington hazitarajii kuwasikia, na barua kutoka kwa askofu wa Kisumu au imamu wa Tanga ikiambatanishwa kwenye faili la seneta haidhuru kitu.

Pesa za kamati

Kwa ufupi, kwa kuwa wote mnajua. Akaunti ya mazishi na akaunti ya kesi ziwe mbili. Saini mbili, mojawapo ya mtu asiye wa ukoo. Taarifa ya kila mwezi kwenye kikundi, hata kama ni "hakuna kilichoingia". Daktari na rufaa kwanza, fulana zenye picha baadaye.

Jibu linapokuja

Katika kambi ya Deepcut, Surrey, Uingereza, vijana wanne walikufa kwa risasi kati ya 1995 na 2002: Sean Benton, Cheryl James, Geoff Gray na James Collinson. Familia zilipigana miaka zaidi ya ishirini. Wa Cheryl James walipata mafaili ya polisi baada ya kutumia sheria ya haki za binadamu, na mwaka 2016 uchunguzi mpya ukasema alijifyatulia mwenyewe. Wa Benton mwaka 2018 na wa Gray mwaka 2019 waliambiwa hivyo pia. Si jibu walilolitaka. Lakini maofisa wa uchunguzi walieleza kwa undani jinsi vijana hao walivyoachwa bila uangalizi na jinsi jeshi na polisi walivyodhania kujiua tangu dakika ya kwanza bila kuchunguza, na ripoti ya Nicholas Blake ya 2006 ilikuwa imeshazaa ofisi huru ya malalamiko ya wanajeshi.

Kaeni mlizungumze hili kabla, mkiwa bado mna umoja: tukioneshwa ushahidi wote na ukasema alijiua, tutakubali? Kama jibu ni hapana kwa vyovyote, semeni sasa, ili wengine wajue wanachangia nini. Na kama ni ndiyo, basi kuna swali la pili lenye uzito uleule, nani alijua anaumwa na alifanya nini. Shirika la TAPS huhudumia familia za wanajeshi waliofariki bila kujali chanzo cha kifo. Mpelekeni mama huko mapema, kesi ikiwa bado inaendelea.

Baada ya mwaka kamati itapungua ibaki watu wanne. Ni kawaida. Wanne hao wagawane: mmoja faili, mmoja Bunge, mmoja waandishi, mmoja familia. Nakala kamili ya kila kitu ikae kwa mtu aliye chini ya miaka 30. Kila mwaka, mwezi wa kifo, ombeni upya kurasa zilizopakwa wino, kwa barua mpya na namba mpya ya ombi, kwa sababu anayezipitia atakuwa mtu mwingine.